Nani Alimpiga Nasoro

Katika miaka yote aliyoishi naye, Paskazia hakuwahi kumwona mumewe kuwa Mwarabu. Alimwona kuwa fundi baiskeli. Nyumba yao ilijaa spoku zilizopinda na mipira iliyozibwa mpaka haina tena pa kuziba, na mikono ya Nasoro ilinuka gundi hata siku ya sikukuu. Ni kweli alikuwa na pua ndefu, na nywele laini zilizomwangukia usoni akiinama kazini. Lakini ungefumba macho ukamsikiliza akiongea na wateja, ungemsikia Msukuma, tena wa vijijini ndani, mwenye masihara ya polepole na salamu ndefu zinazoanza na habari za ng'ombe ndipo zifike kwa watoto.

Baba yake alikuwa Mwarabu wa duka aliyefika zamani Igwanzala kununua pamba na samli. Alimwoa Mhoja, binti wa palepale, akafa Nasoro angali anatambaa. Duka lilifungwa, ndugu wa marehemu wakahamia Shinyanga, na mtoto akabaki na mama yake na lile jina. Wenzake walimwita Mwalabu, kwa "l" ya kwao, naye aliitika. Watu wazima nao wakafuata. "Mwalabu, hebu nitazamie breki." "Mwalabu, baba yako alisahau kukuachia ngamia?" Wote wanacheka, naye anacheka, breki inatengenezwa.

Paskazia alipoposwa, kaka yake Nkwabi alikuna kichwa. Wazazi wao walikwisha kufa, na Nkwabi ndiye aliyekuwa baba na ndiye aliyekuwa ndugu.

"Sina neno na yeye," alisema. "Ila watoto watakuwa na nywele za paka."

Nasoro alikuwepo, na alicheka kuliko wote. Baada ya hapo yeye na Nkwabi wakawa hawaachani. Walilima pamba pamoja, walikwenda pamoja mwaloni, kwa wavuvi ufukweni, kununua samaki wa ningu, na mtoto wa kike alipozaliwa, wakamwita Zena, mjomba wake ndiye aliyemtembeza kijiji kizima akionyesha watu zile nywele.

Mwaka ule wa Operesheni, watu walipoamriwa kuacha maboma yao yaliyotapakaa na kujipanga kwenye mistari ya kijiji cha ujamaa, Nasoro alifunga milango na mabati ya majirani kwenye baiskeli yake akasukuma, safari baada ya safari, mpaka mabega yakavimba. Kikongwe aliyekataa kutoka bila kinu chake, Nasoro alimbebea kinu. Igwanzala mpya ilipokamilika, upande wa Busisi, mwendo wa asubuhi moja kutoka kivuko cha Kigongo, hapakuwa na nyumba ambayo hakuwa ameisukumia kitu. Paskazia aliamini kwamba mambo kama hayo watu hawayasahau.

Kisha vikaja vita. Vijana walikwenda Kagera, na miongoni mwao Anatory, mtoto wa kwanza wa Tereza, jirani na shoga wa Paskazia. Redio ya mwenyekiti wa kijiji, Antoni Chenge, ikawa inawekwa nje kwenye kigoda ili kila mtu asikie. Sabuni ikaadimika, chumvi ikaadimika. Watu wakawa wepesi wa hasira, wanaulizana mtu fulani kapata wapi sukari.

Habari ya kifo cha Anatory ilifika mwezi wa nne. Mwili haukufika. Tereza aliketi chini ndani ya nyumba yake, wanawake wakamzunguka, wanaume wakakaa nje. Nasoro alikuwa wa kwanza kufika na kuni. Kesho yake alirudi kwenye kazi yake, kwa sababu kulikuwa na baiskeli ya mtu aliyetakiwa kupeleka taarifa kwa ndugu wa mbali, na bila baiskeli asingefika.

Siku hiyo Paskazia alikuwa jikoni kwa Tereza akisonga ugali wa waombolezaji. Sufuria lilikuwa kubwa, moshi unamwingia machoni. Upande wa pili wa nyumba redio ya mwenyekiti, iliyoletwa msibani, ilikuwa inasema. Alisikia maneno bila kuyafuatilia: askari wa Kiarabu wameletwa kutoka mbali kumsaidia adui. Akasikia mwanamume akisema, "Kumbe wanaotuulia watoto ni Waarabu." Mwingine akajibu jambo ambalo hakulishika. Aliendelea kusonga. Baadaye kidogo alitambua kwamba upande ule umekuwa kimya, redio inaongea peke yake. Akadhani wanaume wamekwenda kukata kuni. Akawapakulia, akapanga sahani zao, akazifunika zisipoe.

Akamwona mama mkwe wake, Mhoja, anakuja mbio kichwa wazi. Kikongwe yule hakuwahi kutoka nje bila kitambaa kichwani.

"Mama, mayu, kuna nini?"

Mhoja alimshika mkono akamvuta.

Walipofika, mambo yalikuwa yamekwisha. Watu walikuwa wanaondoka, wengine upesi, wengine taratibu kama waliokuwa wanapita tu. Walimpa migongo. Aliona mashati aliyoyajua, mashati aliyokuwa akiyaona kila siku yameanikwa kwenye kamba za majirani, lakini hakuna hata mmoja aliyegeuza uso. Mmoja alikuwa anapangusa viganja vyake kwenye majani. Nasoro alilala mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, na pampu ya baiskeli iliyotumika kumpigia ilikuwa pembeni yake imekunjika.

Alikuwa hai. Nkwabi alitokea na kitanda cha kamba, analia kwa sauti, kamasi zinamtoka, akaita wavuvi kutoka mwaloni wamsaidie kubeba. Hakuna mwanamume mwingine wa kijijini aliyeshika mguu wa kitanda kile. Walimbeba mpaka Busisi, wakaingia kwenye pantoni ili wavuke Kigongo na kutafuta gari la kwenda hospitali Mwanza. Katikati ya maji Nasoro alifumbua macho, akamtazama mkewe, akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo la nyumbani, kama ile baiskeli ya mjumbe imechukuliwa. Paskazia akamwambia imechukuliwa. Kabla pantoni haijagusa ng'ambo, akawa amekufa.

Wakarudi naye kwa pantoni ileile. Mvuvi mmoja Mwislamu ndiye aliyemwosha na kumswalia. Mazishini walikuwepo Mhoja, Paskazia, Zena, Nkwabi, wavuvi wachache, na Tereza. Tereza alitoka kwenye msiba wa mwanawe akaja kwenye msiba wa shoga yake, akasimama mbali kidogo.

Kijiji kiliitisha mkutano kwenye uwanja wa ofisi. Paskazia alifurahi, kama mtu wa hali yake anaweza kusemwa amefurahi. Aliamini mkutano ndipo mahali pake. Walikuwa wakiambiwa miaka yote kwamba katika kijiji cha ujamaa kila mtu ana haki ya kusimama na kusema, na hakuna aliye mdogo mbele ya mkutano. Alikwenda amevaa kaniki, Zena kamshika mkono, Mhoja pembeni. Aliponyoosha mkono, mwenyekiti Chenge alimpa nafasi.

"Nina swali moja tu," alisema. "Nani alimpiga mume wangu?"

Chenge akakohoa.

"Ndugu wananchi, kabla hatujaingia kwenye swali la mama Zena, tusimame tumkumbuke kijana wetu Anatory, aliyemwaga damu kwa ajili ya nchi hii."

Wote wakasimama. Paskazia naye akasimama, na machozi yakamtoka, kwa sababu Anatory alikuwa amekulia uani kwake. Walipoketi, mwanamume mmoja wa mstari wa mbele akadakia.

"Mama Zena, wewe unamuulizia mtu mmoja, aliyekufa hapa nyumbani, ukamzika, kaburi unaliona. Mwenzako Tereza amuulize nani? Mwili hajauona. Au uchungu wako ni mkubwa kuliko wake?"

Macho yote yakamgeukia Tereza. Tereza akainamisha kichwa.

"Sikusema hivyo," Paskazia alisema. "Nimeuliza nani alimpiga Nasoro."

Mzee mmoja akainuka kwa fimbo yake. Alikuwa mtu wa heshima, na Paskazia alimwamkia shikamoo kila asubuhi. "Mimi nitasema bila kuficha. Waarabu waliwafunga babu zetu minyororo, wakawapeleka pwani kama mbuzi. Hilo mbona hatujaliitishia mkutano? Nani alimjibu babu yangu?"

"Shikamoo, baba. Babu yako alifanyiwa ubaya, sibishi. Lakini Nasoro hakumfunga mtu. Alizaliwa hapahapa. Mama yake ndiye huyu, unamjua tangu usichana wake."

"Mimi sikumtaja Nasoro," mzee alisema. "Nimezungumzia Waarabu." Akaketi, na watu wakatikisa vichwa kana kwamba amejibu.

Kulikuwa na mgeni siku hiyo, katibu wa Chama kutoka kata, kijana msomi wa Kihaya aliyeitwa Gosbert. Paskazia alimtegemea huyo. Alijua maneno, na hakuwa na ndugu pale. Gosbert alisimama, akaisifu subira ya wananchi, kisha akanyanyua kidole.

"Niweke jambo moja sawa. Tanzania hakuna ubaguzi wa rangi. Ubaguzi uko Afrika Kusini, uko Rhodesia, na tunaupiga vita. Hapa tuliufuta zamani. Kwa hiyo mtu anaposimama kwenye mkutano akaanza kuleta mambo ya huyu Mwarabu, huyu Mswahili, huyo ndiye anayetugawa. Huyo ndiye mbaguzi."

Paskazia alitazama kushoto na kulia. Yeye hakutaja Mwarabu. Alijaribu kukumbuka maneno yake yote, neno kwa neno, asije akawa ametaja bila kujua. Watu walikuwa wanapiga makofi.

"Basi nijibuni kama Mtanzania," alisema makofi yalipotulia. "Mtanzania Nasoro, fundi baiskeli, nani alimpiga?"

Sauti zikatoka pande zote sasa. Walikuwa wapita njia. Walikuwa walevi wa kijiji cha jirani. Kwani yeye siku ya msiba alikuwa anafanya nini nyumbani, wenzake wako matangani? Na ile sukari aliyokuwa nayo mwezi uliopita aliitoa wapi? Na mbona mwaka jana vibaka walipompiga kijana wa Kisukuma, tena wa damu, hamkumsikia mama Zena akiuliza? Kila alipogeuka kujibu moja, jingine lilikuwa limetua mgongoni. Alijikuta anaeleza habari ya sukari. Alieleza kwa kirefu, kwamba ilitoka kwa mteja wa Sengerema badala ya malipo, na kwamba nusu yake waliipeleka kwa Tereza. Katikati ya maelezo akasikia sauti yake mwenyewe, akanyamaza. Mume wake kafa na yeye anaeleza habari ya sukari.

Hapo ndipo Nkwabi aliposimama. Paskazia alimwona kaka yake akinyanyuka, na moyo wake ukapata pa kushika. Nkwabi alibeba kitanda. Nkwabi alilia mbele ya watu.

"Ndugu mwenyekiti," alisema Nkwabi, "dada yangu ana uchungu. Hali chakula, halali usingizi. Maneno anayoyasema leo siyo yake, ni ya uchungu. Naomba tusimjibu wala tusimkasirikie. Tumwache apumzike, na mimi kaka yake nitakaa naye."

Aliyasema kwa upole mwingi, na huo upole ndio uliommaliza nguvu Paskazia. Waliobaki aliweza kuwajibu. Mhoja akamvuta kaniki kutoka chini, akamnong'oneza, "Kaa, mwanangu. Kaa." Paskazia akaketi. Aliamini kikongwe anaogopa.

Chenge akafunga mkutano kwa kusema wakati huu ni wa vita, taifa zima liko kwenye mapambano, na jambo hili litazungumzwa vita vikiisha. Polisi walikuja baadaye wakachukua vijana wawili, wakawarudisha. Hapakuwa na shahidi.

Paskazia hakuhama mara moja. Alisubiri vita viishe, kama alivyoambiwa. Viliisha, watu wakaimba barabarani, naye akaenda kwa mwenyekiti. Chenge akamwambia kwa sasa nchi imefunga mkanda, kila mtu ajali shamba kwanza. Alirudi baada ya mavuno. Akaambiwa kuna kipindupindu. Alipokwenda tena, mke wa Chenge alitoka mlangoni, akasema mzee amelala, kisha kwa sauti ya chini, kama anayemtakia mema: "Mama Zena, mbona unapenda kufukua? Watu watakuchoka."

Watu walikuwa wamekwisha kumchoka. Kisimani walimpisha haraka, kwa adabu, kama anayepisha mgonjwa. Zena alirudi shuleni siku moja akauliza kama ni kweli baba yake alikuwa mpelelezi. Wiki ile ile Paskazia alifunga virago. Mhoja, Msukuma wa pale, mwenye makaburi ya wazazi wake pale, alisema haiwezekani yeye abaki na waliomwua mwanawe. Wakavuka Kigongo wote watatu, wakapata chumba Mkolani, pembeni mwa mji, kwa mama mmoja wa Bukoba aliyepangisha vyumba vya uani. Paskazia akaanza kukaanga samaki na kuuza barabarani. Nkwabi aliwatembelea kila msimu, na mzigo wa viazi vitamu na karanga begani. Zena alikuwa akimsikia sauti tu, anatoka mbio.

Miaka ikapita hivyo. Kisha ukaja mwaka wa msako wa walanguzi, na redio zikawa zinasema kila siku kwamba aliyemdhulumu mwananchi atafikishwa mbele ya sheria. Paskazia aliyasikia akiwa juu ya karai la mafuta. Akajisemea, huenda sasa. Alikwenda ofisi moja mjini, akasubiri, akaingia. Ofisa alimsikiliza kwa uvumilivu. Akamwambia kwa sasa wote wako kwenye msako wa wahujumu uchumi, lakini hata hivyo, mama, bila shahidi nitafanya nini? Huna mtu aliyekuwepo?

Hilo halikuwa jibu baya. Lilikuwa jibu la kwanza lililomwonyesha pa kuelekea. Alirudi Mkolani anatembea upesi.

Mhoja alikuwa uani anapepeta mchele.

"Mayu, nimepata njia. Wanataka shahidi tu. Nitamwita Nkwabi. Yeye alifika mapema, alimbeba. Lazima aliona hata mtu mmoja."

Ungo ulisimama mikononi mwa kikongwe.

"Usimwite Nkwabi," alisema.

"Kwa nini?"

"Nimesema usimwite."

"Mayu, yeye ni ndugu yangu. Atanisaidia."

Mhoja aliweka ungo chini. Kisha akasema yaliyokuwa moyoni mwake tangu siku ile, bila kuinua macho. Nasoro alipowaona watu wanakuja na magongo, alikimbilia ndani akafunga mlango kwa komeo. Yeye Mhoja alikuwemo. Watu walipiga kelele nje, wakatukana, lakini mlango ulikuwa wa mninga, haukutikisika. Kisha kukawa kimya, na sauti moja ikasema, Shemeji, fungua, ni mimi. Hawana ubaya, wanataka kukuuliza tu. Nasoro alifurahi. Alisema, Ah, Nkwabi amekuja, akatoa komeo.

Paskazia hakulia wakati huo. Aliuliza, "Ulijua siku zote? Hata siku ya mkutano?"

"Nilijua."

"Na ukanivuta nikae."

"Mimi mwanangu alikuwa amekwisha kufa," Mhoja alisema. "Wewe ulikuwa umebaki na ndugu mmoja. Nikasema, angalau huyo abaki naye."

Paskazia alivuka kwenda Igwanzala peke yake. Alimkuta Nkwabi shambani, anapalilia pamba. Nkwabi alipomwona uso alijua. Alianza kwa kuuliza hali ya mama mkwe.

"Nani alimwambia Nasoro afungue mlango?"

Nkwabi aliegemea jembe. Alisema Mhoja amezeeka, anachanganya mambo. Paskazia akangoja. Alisema siku ile kila mtu alikuwa kama kalewa, na redio ilikuwa imewachoma. Akangoja. Alisema, na wewe dada, unakuja kuniuliza mimi niliyembeba, waliokimbia mbona huwaulizi? Akangoja. Alisema, nani aliyekulisheni miaka yote hii? Karanga za nani? Paskazia alikuwa amesimama kwenye tuta, jua linamchoma utosini, hajibu hata moja. Alikuwa amejifunza pale uwanjani kwamba ukijibu umepotea.

Mwisho Nkwabi aliketi chini kwenye udongo.

"Walinigeukia mimi kwanza," alisema. "Waliniambia, wewe umemwozesha dada yako kwa Mwarabu, wewe ni wao au ni wetu? Kama ni wetu, mtoe. Nilidhani watamuuliza tu. Kweli nilidhani hivyo, Paskazia. Alipofungua, alinitazama mimi. Nikasogea pembeni ili wapite."

"Ni akina nani?"

Akayataja majina, moja moja. La kwanza lilikuwa la mtoto wa kiume wa mwenyekiti Chenge. Paskazia aliyasikia na kuyaweka. Ndipo alipolia, akiwa bado amesimama, na Nkwabi hakuthubutu kumgusa.

"Utayasema hayo mkutanoni?" alimuuliza.

"Nitayasema."

"Apa."

Nkwabi aliapa kwa makaburi ya wazazi wao. Na kweli alikwenda kwa mwenyekiti, akaomba mkutano, na mkutano ukaitishwa. Paskazia alivuka tena siku hiyo. Aliwakuta wengi. Wanawake walikuwa wamepika, jambo lililomshangaza. Chenge alikuwa amezeeka, mtoto wake amekaa nyuma yake na watoto wake mwenyewe mapajani.

Nkwabi alisimama.

"Ndugu zangu, nimekuja kusema habari ya shemeji yangu Nasoro. Mimi nilikuwepo."

Nkwabi alimtazama dada yake. Kisha akamtazama Chenge, akamtazama yule kijana na watoto wake, na wanaume wa mstari wa mbele ambao alikuwa anaishi nao, analima nao, na angezikwa nao. Paskazia aliona pale pale alipoteleza. Aliona kabla neno halijatoka.

"Nilikuwepo," Nkwabi alisema, "kama wengi wetu tulivyokuwepo. Sote tulikosa. Kijiji kizima tulikosa. Shetani alitupitia sote."

"Kweli!" mtu akaitikia. "Kweli kabisa! Sote!"

Makofi yakalipuka. Wanaume wakasimama, wengine wanafuta machozi, machozi ya kweli. Yule mzee wa fimbo akasema hajapata kusikia maneno ya mtu mzima kama hayo. Chenge alitoa shukrani, akasema leo Igwanzala imejisafisha, na asiyesamehe sasa ndiye mwenye neno moyoni. Mwanamke mmoja akaanza wimbo, wengine wakapokea. Wakamletea Paskazia kuku aliyefungwa miguu, wakamweka mikononi mwake.

"Sote nani?" Paskazia alisema. Sauti yake haikuvuka wimbo. Akapaza. "Sote nani? Mhoja naye alipiga? Tereza aliyekuwa analia ndani alipiga? Mimi niliyekuwa nawapakulia chakula, na mimi nilipiga?"

Waliokuwa karibu walitabasamu kwa huruma. "Basi, mama Zena, basi. Yamekwisha."

Alimtafuta kaka yake kwa macho. Nkwabi alikuwa amekumbatiwa na watu.

Akamweka kuku chini akaondoka. Hakuna aliyemfuata isipokuwa Tereza, ambaye alitembea naye mpaka ilipoishia mistari ya nyumba. Hapo Tereza alimshika mkono.

"Siku ile sikuwatuma," alisema. "Walitumia jina la mwanangu. Ilinipasa niseme mkutanoni, nikashindwa kuinua kichwa."

"Najua," Paskazia alisema.

"Anatory alifundishwa kuendesha baiskeli na Nasoro. Angekuwa hai asingekubali."

Wakashikana, wakalia kila mmoja marehemu wake, njiani pale, mchana kweupe, huku nyuma yao wimbo ukiendelea. Halafu Paskazia akaenda zake kivukoni.

Alipofika Mkolani alimkuta Mhoja amekaa kizingitini. Kikongwe hakusubiri salamu.

"Amesema?"

"Amesema sote."

"Na watu?"

"Wamepiga makofi, mayu."

Paskazia alivua viatu, akanawa miguu, akakaa kwenye mkeka. Kisha akamwita Zena. Zena alikuwa msichana mkubwa sasa, mrefu, na zile nywele amezisuka mistari kichwani. Alikuja akitabasamu, akauliza kama mjomba ametuma karanga.

"Kaa hapa," mama yake alisema. "Nataka nikuambie nani alimpiga baba yako."

Akamwambia. Alianzia kwenye redio, akaja kwenye mlango, akataja majina, na pale asipojua alisema hajui. Hakuongeza habari ya vita, wala ya minyororo, wala ya sukari. Zena alisikiliza mpaka mwisho, mikono kati ya magoti, na tabasamu lilimtoka usoni polepole. Aliuliza jambo moja.

"Mjomba Nkwabi? Huyu mjomba wangu?"

"Huyo."

Zena aliinama, akaziba uso kwa viganja. Mhoja alisogea akamwekea mkono mgongoni. Paskazia alikaa palepale mbele yao, akimsikiliza mwanawe akilia, na hakupata neno la kumpunguzia, kwa sababu mtoto yule alikuwa anampenda sana mjomba wake.